Watu Aliowaambia Hawana TB

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani, kuanzia wazee hadi watoto wa chekechea, walimwita Dada Sindano, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Alikuwa na mkono mwepesi. Alikufunga mpira juu ya kiwiko, akakuuliza habari za mama mkwe wako, na kabla hujapata jibu la adabu, damu ilikuwa imeshajaa kwenye kichupa na pamba iko mahali pake. Wanaume wenye vifua vipana kama makabati walifumba macho mbele yake, naye akawaambia, "Fumbua, baba. Nimemaliza zamani, nilikuwa nakusubiri wewe tu."

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati ya mtu binafsi. Kulikuwa na stuli mbili, friji dogo lililonguruma kama linadai haki yake, sinki la bomba lisilofunga vizuri, hadubini, na daftari kubwa la majibu lenye jalada jekundu. Mwenye zahanati watu walimwita Daktari. Yeye mwenyewe, ukimbana, alikiri kwamba shule yake haikufika huko, lakini alikuwa amechoka kuwarekebisha.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya kutokea, alikuja bwana mmoja mwenye tai na begi la magurudumu, akafungua meza nzima ya vipimo. Kimojawapo kilikuwa cha TB. Kibao kidogo cha plastiki, mfano wa vile vya kupimia malaria. Unadondosha tone la damu kwenye tundu, unaongeza matone mawili ya dawa, unasubiri dakika kumi na tano. Ikitokea mistari miwili, mtu ana TB. Ukitokea mstari mmoja, hana. Hakuna kohozi wala hadubini.

Watu walikipenda kuliko maelezo. Makohozi yana aibu. Unapewa kopo, unatumwa nyuma ya jengo, unajikamua huku waliokaa kwenye benchi wanakusikiliza, halafu unarudi umelifunika kwa kiganja kama umeiba yai. Nusu ya watu walileta mate matupu. Wengine waliondoka na kopo na hawakuonekana tena. Damu ina heshima yake. Mtu akitolewa damu anajiona amepimwa kweli, na akirudi nyumbani ana la kusimulia.

Na Dada Sindano mwenyewe? Aliamini. Lazima lisemwe hivyo hivyo, maana baadaye yeye hakutaka litiwe sukari. Chuoni alifundishwa kwamba TB ya mapafu inatafutwa kwenye makohozi. Mwanzoni alisita kidogo. Lakini karatasi iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa na asilimia tisini na kitu, yenye wino mzuri na majedwali, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi. Taa ya hadubini ikaungua. Daktari akasema ataleta nyingine. Wiki zikawa miezi, hadubini ikavalishwa mfuniko wake wa plastiki, na juu ya mfuniko Dada Sindano akawa anaweka boksi la glavu.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, fundi wa makochi. Mama yao alifariki mdogo huyo akiwa na miaka sita na Dada Sindano kumi na tisa, kwa hiyo ndiye aliyemwogesha, akampeleka shule, akamtafutia mtu wa kumfundisha kazi. Alipokuwa mdogo alimwita Dada mbele za watu, na Mama akishikwa na homa. Sasa alikuwa na banda lake la mabati, lenye mafremu yaliyorundikwa hadi darini, vipande vya sponji kila pembe na harufu ya gundi inayomlevya mteja kabla hajauliza bei. Alifanya kazi misumari midogo ikiwa imejaa mdomoni. Anatoa mmoja kwa midomo, anagonga, anatoa mwingine, na katikati anapiga soga bila kumeza hata mmoja.

Kikohozi kilipoanza, misumari ndiyo iliyomshitaki. Kila baada ya dakika mbili alilazimika kuitema yote kiganjani, akohoe, airudishe. Siku moja nusura ameze. Wateja walisema ni vumbi la sponji. Mwenyewe alisema ni vumbi la sponji. Mkewe, ambaye alikuwa msusi na hakuwa na tabia ya kumung'unya maneno, alisema, "Vumbi hilo limekuwepo miaka minane. Nenda kwa dada yako akupime. Humu ndani kuna mtoto."

Akaenda Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Wiki ngapi?" Dada Sindano aliuliza, akimfunga mpira.

"Tano. Sita hivi."

"Jasho usiku?"

"Dada, bati la chumba chetu unalijua. Hata mjusi anatoka jasho."

Wakacheka. Damu ikatoka, tone likaingia kwenye tundu, wakazungumza habari za binamu yao aliyeoa kwa mara ya tatu. Baada ya dakika kumi na tano Dada Sindano akainua kibao kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mmoja.

"Huna. Ni vumbi."

"Una uhakika?"

"Damu haidanganyi, mdogo wangu. Nunua kitambaa ujifunge puani, na acha kulala kwenye rundo la sponji mchana kama panya."

Baada ya miezi miwili alirudi. Mkanda wake ulikuwa umeongezwa tundu kwa msumari. Dada Sindano alipouona, akampima tena bila soga. Mstari mmoja, mnyoofu, hauna hata kivuli cha wa pili. Alifurahi hadi akamshika mdogo wake mashavu. Akaandika jibu, akatia sahihi, akagonga muhuri. Mkewe alikunja karatasi hiyo mara mbili na kuiweka kabatini, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto.

Mtoto alikuwa wa kike, miaka miwili na nusu. Walimwita Kibibi kwa sababu alifanana na marehemu bibi yake kwa kila kitu, hata namna ya kununa. Baba yake alikuwa anachoka mapema siku hizo, akirudi mchana kujinyoosha, na Kibibi alipanda juu ya kifua chake akalala hapo, anapanda na kushuka kwa pumzi za baba.

Alianza kwa kukataa chakula. Halafu homa ambayo haikuwa kali wala haikuondoka. Kwenye zahanati walimpa dawa ya malaria, na ilipokwisha wakampa nyingine. Mtoto aliyekuwa anaimba tangu anaamka akawa anataka giza. Ukifungua pazia analia. Wiki ya tatu alitapika siku nzima. Siku iliyofuata mama yake alimwita na macho yake yakageuka, moja likamtazama mama, jingine likatazama ukuta. Walikuwa bado wanatafuta usafiri wa kwenda hospitali kubwa alipokakamaa na kuanza kutetemeka mikononi mwao.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na sita. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kandambili na saa ya kiume. Alimtoa Kibibi maji ya uti wa mgongo, akayainua kwenye mwanga, kisha akawageukia wazazi.

"Nyumbani kwenu nani anakohoa?"

Msusi alimtazama mumewe. Fundi alisafisha koo, na kule kusafisha tu kukamletea kikohozi, akainama hadi kilipomwachia.

"Mimi," alisema. "Lakini nimeshapimwa TB, Daktari. Mara mbili. Sina."

"Ulitoa makohozi?"

"Nilitoa damu."

"Damu," alisema yule daktari, kama mtu anayerudia jina la mtu asiyempenda. "Nani alikupima damu?"

Fundi aligeuza shingo taratibu kuelekea dirishani, alikosimama dada yake akiwa amekumbatia chupa ya chai.

"Mimi," alisema Dada Sindano.

"Umesomea maabara?"

"Nimesomea."

"Basi unajua ninachotaka kusema."

"Sijui, Daktari. Sema tu."

Daktari hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Kibao kile hakitafuti kijidudu cha TB. Kinatafuta alama ambazo mwili unaziacha kwenye damu ukishakutana nacho. Watu wengi sana wamekutana nacho, kimelala ndani yao, na hakitawafanya lolote hadi wazeeke. Hao kibao kinaweza kuwapa mistari miwili. Na mgonjwa kabisa, ambaye mapafu yanalika, damu yake inaweza isionyeshe kitu, ukapata mmoja. Kwa hiyo ukiona miwili hujui kitu. Ukiona mmoja, hujui kitu. Shirika la Afya Duniani lilishasema miaka mingi iliyopita kwamba vipimo vya namna hiyo visitumike kutafuta TB. Watu wanaendelea kuviuza."

Akampa fundi kopo. Majibu yalitoka kesho yake kabla ya saa sita. Mashine ya kupimia makohozi imekipata kijidudu, tena kwa wingi. Na Kibibi alikuwa nacho kwenye utando wa ubongo.

Msusi hakupiga kelele. Alimwendea wifi yake kwenye korido, akasimama karibu kiasi kwamba Dada Sindano aliona mishipa midogo myekundu machoni mwake.

"Karatasi yako iko kabatini kwangu," alisema. "Ina muhuri. Mimi nilitaka alale chumba kingine. Nilitaka mtoto asimkaribie. Nikaisoma karatasi yako, nikajiona mwanamke mwenye roho mbaya."

Tangu siku hiyo hakusema naye tena kwa muda mrefu sana.

Wiki iliyofuata Dada Sindano alimwomba mdogo wake ampime mara moja zaidi. Fundi alikuwa ameanza dawa. Alinyoosha mkono bila kumtazama. Dada Sindano akaweka vibao viwili mezani, cha kushoto cha mdogo wake, cha kulia chake mwenyewe, maana alijichoma naye papo hapo. Wakasubiri dakika kumi na tano. Cha kushoto, mstari mmoja. Cha kulia, miwili.

Alikwenda hospitali kubwa. Akatoa makohozi, akapigwa picha ya kifua. Safi, vyote viwili. Hakuwa na TB. Kibao kilikuwa kimemtangaza mzima kuwa mgonjwa na mgonjwa kuwa mzima, wamekaa meza moja, goti kwa goti.

Alimfuata mwenye zahanati ofisini kwake.

"Daktari, kile kipimo tukiache."

"Nimesikia habari za mtoto. Pole sana. Kweli nimeumia." Na kweli alikuwa ameumia; hakuwa mtu mbaya. "Lakini hakuna kipimo kisichokosea."

"Kukosea ni siku mojamoja. Hiki ni kama kurusha sarafu, halafu tunaipigia muhuri."

"Tukiacha sisi watavuka barabara. Jirani anacho. Watu wanataka damu, Dada Sindano, wewe mwenyewe unajua. Ukiwapa kopo wanakukimbia."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza na wewe kabla sijaenda pengine."

"Pengine wapi?" Sura yake ilibadilika. "Una mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuajiri. Usije ukauharibu kwa mdomo."

Alibaki pale wiki tatu nyingine, akikataa kufungua boksi lile, hadi alipoambiwa aache funguo kwa msaidizi mpya. Lakini katika wiki hizo, kila mchana watu walipokwenda kula, alikuwa na daftari jekundu mapajani na karatasi zake pembeni. Watu mia tatu arobaini na sita. Sitini na mmoja aliwaambia wana TB. Mia mbili themanini na watano aliwaambia hawana. Kila mstari ulikuwa na mwandiko wake wa duara, ule uliosifiwa chuoni.

Alizipeleka karatasi hizo kwa nesi wa kitengo cha TB hospitali kubwa, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliyejulikana hadi sokoni kwa jina la Bwana Makopo. Alizisoma akiwa amesukuma miwani juu ya paji la uso.

"Nilijua vitu hivi vipo mtaani," alisema. "Sikujua vina daftari." Akatafakari. "Wengi wa hawa watakuwa na vikohozi vyao vya kawaida, wameshapona, wamekusahau. Lakini humu ndani wamo watu wangu. Anza na waliorudi. Mtu aliyeambiwa hana, akarudi tena bado anakohoa, huyo ndiye wa kwanza."

Waliorudi walikuwa thelathini na mmoja. Simu nyingi hazikupatikana. Kwa hiyo Dada Sindano alivaa viatu vya chini akaanza kutembea, asubuhi hadi jioni, akiuliza kwenye vibanda na visima, "Fulani anakaa wapi?"

Wa kwanza alikuwa dobi. Alipofika, aliyekuwa anapiga pasi chini ya kibaraza alikuwa mwanamke.

"Mume wangu amefariki," alisema, akigeuza kola ya shati. "Mwezi wa tano sasa. Walisema ni pumu. Wewe si wa maabara? Ngoja." Akaingia ndani, akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. "Mungu akubariki. Hii ilinisaidia sana kwenye msiba. Ndugu zake walikuwa wanaogopa kuja, wanasema jamaa kafa na TB. Nikawaonyesha. Nikawaambia njooni, mkae, mle, hakuwa nayo."

Dada Sindano alikuwa amejiandaa kwa mengi, hakuwa amejiandaa kushukuriwa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kukaribishwa.

"Dada yangu," alisema, "nadhani alikuwa nayo. Kipimo changu kilikuwa kibovu. Nimekuja kukwambia wewe na watoto mpimwe. Kwa makohozi."

Mjane aliacha pasi juu ya shati. Ilichukua muda hadi harufu ya kuungua ikawafikia wote wawili.

"Kwa hiyo unakuja kumpa marehemu ugonjwa," alisema. "Ameshazikwa na jina lake safi, wewe unakuja na ugonjwa mkononi. Ondoka kibarazani kwangu."

Akaondoka. Baada ya siku tisa mjane huyo alitokea hospitali kubwa na watoto wawili, akapita mbele ya Dada Sindano kama anapita mbele ya nguzo. Mmoja wa watoto alikuwa nayo.

Mwingine alikuwa kwenye wale sitini na mmoja, walioambiwa wanayo. Mzee aliyewahi kuwa tarishi wa posta, aliyetembea mitaa yote kwa baiskeli hadi mbwa wakamjua kwa jina. Alipoonyeshwa mistari miwili alitoka zahanati akiwa na dawa za miezi sita, na wanawe wakampangia chumba cha uani. Sahani yake, kikombe chake, kiti chake. Wajukuu walikatazwa kuvuka kamba ya nguo. Miezi ilipita, dawa zikaisha, zikanunuliwa nyingine, na kikohozi kikabaki palepale. Dada Sindano alimkuta amekaa kitandani na mito minne, maana akilala chali anazama. Miguu ilikuwa imevimba hadi ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Macho yalikuwa ya njano.

Hospitali walisema ni moyo. Umechoka, hausukumi, na maji yamejaa kwenye mapafu. Makohozi hayakuwa na kijidudu. Njano ilikuwa ya ini lililochoshwa na dawa ambazo hakuzihitaji. Bwana Makopo alimwambia Dada Sindano kwamba mwaka mmoja uliopita wangeweza kumsaidia vizuri, sasa watamsaidia kidogo.

Mzee alielewa yote alipoelezwa. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo muda wote huu ningeweza kula na wajukuu zangu?"

"Ndiyo, Babu," alisema Dada Sindano.

"Kwenye sinia moja?"

"Kwenye sinia moja."

Mzee akatikisa kichwa, akatazama miguu yake. Alifariki baada ya siku kumi na moja. Wajukuu waliletwa siku mbili za mwisho, lakini walikuwa wameshazoea kumwogopa, wakasimama mlangoni wakishikana mikono. Mdogo kuliko wote alivua fulana yake na kujifunga puani, kama alivyofundishwa.

Si wote waliokwisha hivyo. Mlinzi wa ghala la saruji, jitu la sauti nzito, lilimsikiliza Dada Sindano hadi mwisho, likamtukana matusi ambayo yeye hakuyajua licha ya kuishi mjini miaka yote, kisha likauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Alikutwa na TB ya kutosha wodi nzima. Kila mwezi alikuja kuchukua vidonge, ananenepa, shati linaanza kumbana, na akimwona Dada Sindano anasema kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Simsalimii mtu hapa. Nimefuata dawa."

Mwisho wa yote, kati ya wale thelathini na mmoja, aliwapata ishirini na wanne. Watano walikuwa wamefariki. Tisa walikuwa na TB na walikuwa wanatembea nayo kazini, sokoni, kwenye nyumba za ibada, mfukoni wana karatasi inayosema hawana. Waliobaki walikuwa wazima. Wale saba hakuwapata. Walihama, au majina waliyoandikisha hayakuwa yao.

Wakaguzi wa afya walikuja kwenye zahanati wakachukua maboksi. Mwenye zahanati alipewa onyo la maandishi. Baada ya miezi minne vibao vikaonekana tena upande wa pili wa barabara, boksi la rangi nyingine.

Kibibi alitoka hospitali baada ya wiki tisa. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika, na mkono wa upande huohuo aliukunja kifuani kama ndege aliyeumia bawa. Alikuwa hasikii. Ilichukua muda kugundua, kwa sababu alikuwa mwerevu, alisoma nyuso. Siku moja mama yake alidondosha sufuria nyuma yake sakafuni, sufuria nzito yenye mfuniko, na mtoto akaendelea kupanga vizibo vya soda bila hata kupepesa. Msusi aliidondosha tena. Kisha akaidondosha mara ya tatu.

Fundi alimaliza dawa zake akapona, ingawa pumzi haikurudi yote. Alirudi kwenye banda lake. Kila Jumapili alimchukua Kibibi mgongoni akampeleka kwa shangazi yake, wakakaa hadi jua lipungue. Hawakuzungumza mengi. Siku moja Dada Sindano alijaribu kuomba msamaha, akaanza na kukwama, na fundi akamkatiza.

"Dada, ulinilea. Siwezi kukuchukia, sina hata pa kuanzia. Lakini usiniombe niseme si kitu. Ni kitu."

"Sikuombi," alisema.

Bwana Makopo alipostaafu, hospitali ilimpa Dada Sindano mkataba kwenye dirisha la makohozi. Hakushika sindano tena. Kazi yake ilikuwa kugawa makopo na kueleza. Vuta pumzi ndefu, toa kutoka chini kabisa, si mate, mama, mate tunayo ya kutosha. Alijenga kibanda cha wazi nyuma, chenye ukuta hadi kifuani na upepo wa kutosha, ili mtu akohoe bila kutazamwa, na waliokuwa wanakimbia na makopo wakapungua.

Asubuhi moja, mwaka wa pili, mkono uliingia dirishani, vidole vikiwa na madoa ya rangi ya nywele. Aliinua macho. Alikuwa wifi yake. Hakusalimu.

"Nakohoa," alisema. "Wiki ya tatu. Nipe kopo."

Dada Sindano akampa, akaanza maelezo yake ya kila siku, na wifi akamwambia, "Najua," akaenda kibandani. Alirudi na kohozi zuri, zito, la mtu aliyekusudia. Akakaa kwenye benchi hadi mchana akisubiri, mkoba mapajani, bila kuinuka hata kwenda kunywa maji.

Jibu lilipotoka, Dada Sindano alilisoma mara mbili, akatoka nje ya chumba chake, akamfuata pale kwenye benchi.

"Mashine haijaona kijidudu."

Wifi aliichukua karatasi. Hakuikunja. Aliutazama muhuri, akamtazama aliyeuleta.

"Kwa hiyo sina."

Kwenye benchi watu wanne walikuwa wanasikiliza huku wakijifanya hawasikilizi.

"Sijui, wifi," alisema. "Hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote tulivyonavyo hapa, na kimesema hapana. Lakini nacho huwa kinapitwa. Upigwe picha ya kifua leo. Halafu ukiwa bado unakohoa baada ya wiki mbili, au ukipungua, au ukitoka jasho, urudi tukupime tena. Hata mara kumi. Usikae nyumbani kwa sababu ya karatasi hii."

Msusi akaiweka karatasi kwenye mkoba, akasimama, akauliza chumba cha picha kiko upande gani. Dada Sindano akamwonyesha. Akaenda, hakugeuka.

Baada ya wiki mbili alirudi. Kikohozi kilikuwa kimeisha na picha ilikuwa safi, lakini alinyoosha mkono dirishani akataka kopo jingine, na Dada Sindano akampa.